Visima Vimejaa, Sufuria Tupu



Vijana wapendwa, hebu tujiulize. Nchi yenye mafuta mengi ardhini kuliko nchi yoyote duniani, inakuwaje mama anapanga foleni tangu alfajiri kutafuta unga wa mahindi? Ndiyo yaliyotokea Venezuela. Wanakadiriwa kuwa na mapipa bilioni 300, lakini mwaka 2018 serikali ilifuta sifuri 5 kwenye fedha yao, na 2021 ikafuta nyingine 6. Zaidi ya watu milioni 7 wameihama nchi, wengine kwa miguu.

Ilianzaje? Zamani waliishi kwa kahawa na kakao. Mwaka 1922 kisima kimoja karibu na Ziwa Maracaibo kikaanza kurusha mafuta juu, siku baada ya siku. Dola zikamiminika. Kuagiza chakula nje kukawa rahisi kuliko kulima, basi mashamba yakaachwa. Ikafika mahali zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya mauzo ya nje yanatoka kwenye mafuta tu.

Mzee Juan Pablo Pérez Alfonzo, waziri wao wa zamani na mmoja wa waanzilishi wa OPEC mwaka 1960, aliwaonya kwamba mafuta yangewaangamiza. Nani amsikilize wakati pesa ipo? Bei ikipanda, walitumia, tena wakakopa. Rushwa ikaota mizizi. Kisha bei ikaanguka: kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya 30 mwanzoni mwa 2016. Ghalani hamna kitu! Serikali ikachapisha noti, na noti zikawa karatasi. Vikwazo vya Marekani viliongeza maumivu, ila nyumba ilikuwa imeshaanza kubomoka.

Sasa fungua Biblia yako, Mwanzo 41. Yusufu naye alipewa miaka saba ya neema. Hakuifanyia sherehe. Alitenga sehemu ya tano ya mavuno, na njaa ilipokuja, watu wakala.

Lakini soma pia Luka 12, yule tajiri mwenye ghala kubwa. Naye aliweka akiba, mbona Yesu anamwita mpumbavu? Kwa sababu aliwaza nafsi yake tu. Yusufu alijaza ghala kwa ajili ya wengine. Kumbe swali la Mungu siyo tu, "Umeweka kiasi gani?" Ni pia, "Umemwekea nani?"

Usicheke Venezuela, ndugu yangu. Boom likiingia chuoni, wiki ya kwanza ni chipsi kuku, wiki ya tatu unaomba chumvi kwa jirani. Na siyo pesa tu. Una sauti nzuri, una akili, una mzazi anayekulipia ada. Hivyo ndivyo visima vyako. Je, unalima, au unakaa tu unasubiri kisima kitoe? Kipaji kisichofanyiwa kazi kinamlemaza mwenyewe. Na je, kuna mtu mwingine anayekunywa humo?

Nchi hiyohiyo imetupa utajiri ambao bei ya soko haiushushi: Mtakatifu José Gregorio Hernández, daktari wa maskini. Alitibu wasio na kitu bila malipo, na mwaka 1919 aligongwa na gari akiwa ametoka kumnunulia mgonjwa maskini dawa. Oktoba 2025 Kanisa lilimtangaza mtakatifu. Hakuwa na kisima cha mafuta, lakini maskini walikula jasho lake.

Wiki hii fanya mambo mawili: tenga kidogo katika ulichonacho, na umtaje kwa jina mtu utakayemsaidia nacho.

Tusali: Ee Bwana, utuepushe na neema inayotulaza usingizi. Utufundishe kufanya kazi, kuweka na kugawana. Uwafariji ndugu zetu wa Venezuela, walio nyumbani na walio ugenini. Amina.

Mtakatifu José Gregorio, utuombee!