Bahasha Isitupwe Kabla ya Kuchakaa

Khutba ya Ijumaa, Ijumbi, Wilaya ya Muleba

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetuumbia ardhi na vilivyomo na akatupa dhamana ya kuiangalia. Tunamhimidi, tunamtaka msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyinyi: tumche Mwenyezi Mungu katika makubwa na katika madogo. Leo nasema juu ya jambo dogo linalopita mikononi mwetu kila mara. Ni bahasha na vifungashio tunavyotumia kutuma na kupokea mizigo.

Watu wetu wametawanyika. Mtoto yuko Mwanza, shangazi yuko Dar es Salaam, kaka amevuka mpaka wa Mutukula yuko Uganda. Ukifika msimu wa senene, Novemba na Desemba, vifurushi vinapanda mabasi pale Muleba na Bukoba. Kahawa inasafiri, vyeti vya shule vinasafiri, hati za viwanja zinasafiri. Huko nako zinatoka simu, miwani, dawa na vipuri kuja kwetu. Zamani vilikuja katika bahasha za kaki. Siku hizi vinakuja pia katika bahasha nene zenye vipovu vya plastiki ndani. Mzigo ukishafika, bahasha inararuliwa, inatupwa pembeni ya kibanja, na mwenye nyumba hiyo hiyo akitaka kutuma kitu wiki inayofuata anakwenda dukani kununua nyingine.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Katika Surat Al-Israa, aya ya 26 na ya 27, Mola wetu ametukataza ubadhirifu, na wabadhirifu amewahesabu kuwa ndugu wa mashetani. Hakuweka kiwango kwamba ubadhirifu huanza kwenye laki au milioni. Na katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) alimkataza sahaba wake Saad kufanya israfu ya maji ya udhu hata kama yuko kando ya mto unaotiririka. Sisi wa Muleba tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, wenye mvua nyingi kuliko mikoa mingi ya nchi hii, tuizingatie hadithi hiyo. Wingi wa kitu, au urahisi wa bei yake, hauhalalishi kukipoteza.

Tazameni pia walivyoishi watu wa nyumba ya Mtume (s.a.w.). Chombo chao cha kubebea maji, samli na tende kilikuwa ngozi. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye kondoo aliyekufa, aliyekuwa sadaka kwa mjakazi wa Bibi Maimuna, akawauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake. Wakamjibu kuwa ni mzoga. Akawafahamisha kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Naye Bibi Sauda, mama wa waumini, amesimulia katika Bukhari kwamba kondoo wao alikufa, wakaidabighi ngozi yake, wakaendelea kuitumia kuloweka tende mpaka ikawa kiriba chakavu.

Hapo, ndugu zangu, mna mafundisho mawili. La kwanza, kitu ambacho macho ya watu yamekiona kimekwisha huenda bado kina manufaa, na mwenye akili huyatafuta. La pili, ngozi ile haikutumiwa hivi hivi: ilidabighiwa kwanza, ikasafishwa, ndipo ikatumika, na ikatumika mpaka ikachakaa. Huo ndio mwendo wa bahasha zetu: tuzisafishe, tuzitumie, tena na tena, mpaka nguvu zake ziishe.

Ubaya wa kutupa bahasha hizi nene uko hivi. Nje ni karatasi, ndani ni plastiki, na viwili hivyo vimegandishwa pamoja. Kiwanda cha karatasi hakiitaki yenye plastiki, na cha plastiki hakiitaki yenye karatasi, mpaka vitenganishwe. Kijijini kwetu hakuna hata kimoja cha viwanda hivyo. Ikitupwa shambani, karatasi itaoza na plastiki itabaki chini ya migomba miaka mingi. Ikichomwa, moshi wake wanauvuta watoto walio karibu. Ikiachwa mtaroni, mvua inaisukuma mpaka ziwani, na ziwa hilo tunalitegemea kwa samaki, sisi na ndugu zetu wa Bumbire na visiwa vingine, pamoja na wa Uganda na Kenya.

Mnakumbuka tarehe 1 Juni 2019, Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyoiita Rambo. Aliyekutwa nayo alikabiliwa na faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Watu wakatii, vikapu vikarudi sokoni. Lakini vifungashio vya bidhaa za viwandani viliruhusiwa kubaki. Kwa hiyo bahasha hii askari hatakuuliza. Atakuuliza Mola wako.

Nasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah, na rehema na amani zimfikie Mtume wa Mwenyezi Mungu.

Ndugu Waislamu, pamoja na kukimbia israfu, tusiharibu amana. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe. Mzigo uliokabidhiwa ni amana. Bahasha iliyochanika ikidondosha cheti cha mtoto wa mwenzako njiani, hujaokoa kitu. Na Surat Al-Furqan, aya ya 67, inawasifu wale ambao wakitoa hawafanyi israfu wala hawafanyi ubahili, bali hushika njia ya katikati. Njia hiyo ya katikati, katika jambo hili, ni kama ifuatavyo.

Ukipokea mzigo, fungua bahasha kwa wembe au mkasi pale penye gundi, usiirarue. Ihifadhi pakavu. Ukitaka kuituma tena, funika kabisa jina na namba ya simu ya zamani kwa karatasi safi iliyogandishwa vizuri. Bahasha yenye majina mawili humchanganya wakala wa basi, na namba ya mtu ni siri yake, haifai kutembezwa stendi. Kagua pembe na mishono, kisha funga kwa solotepu mpya.

Bahasha au mfuko uliobeba dawa ya kuua wadudu usiwekewe senene, kahawa wala chakula chochote. Kulinda nafsi kunatangulia kulinda shilingi.

Ikiwa unachotuma ni simu, dawa ya mgonjwa au hati isiyo na nakala, na bahasha uliyonayo imelegea, basi nunua mpya bila kusita. Hapo kununua si israfu, ni kutimiza amana. Nanyi wenye maduka, kuuza bahasha iliyotumika ni halali, ila mnunuzi aambiwe. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu chini, akamkemea muuzaji aliyeuficha, akasema mwenye kughushi si katika sisi.

Ikishachakaa, itenganishe. Karatasi iende kwenye shimo la mbolea, na vipovu vivingirishwe kwenye glasi na vyombo vya kuvunjika. Wazee wetu walifunga kahawa ya kutafuna kwa maganda makavu ya mgomba, na yalipokwisha kazi yalirudi shambani yakawa mbolea. Kwa mzigo mwepesi usiogopa kubanwa, bado tunaweza kufanya hivyo.

Ninawaomba tuanze Ijumaa ijayo. Kila mwenye bahasha nzima nyumbani ailete msikitini, ikabidhiwe mwalimu wa madrasa, na yeyote anayetuma mzigo aje achukue bure. Mwenye kumpa mwenzake bahasha amempa sadaka, na mwenye kuiondoa njiani ametenda tawi mojawapo la imani.

Ewe Mola wetu, tuepushe na israfu na ubahili. Tufanye watunzaji wa amana zetu. Ilinde ardhi yetu na ziwa letu, waponye wagonjwa wetu, warehemu maiti wetu, na ufikishe salama wasafiri wetu na mizigo yao. Amin.

Simameni tusali. Na kuanzia leo, kabla ya kununua bahasha mpya, tazama kwanza iliyomo nyumbani.