Mwite Mwenzako Kabla ya Kushusha Nyavu

Somo: Luka 5:1–11; Mathayo 5:23–24



Tunakaribia tarehe 1 Agosti. Kwa ndugu zetu wa ziwani hiyo si siku ya kawaida. Tangu Aprili uvuvi wa omena umefungwa kwa sheria, ili samaki wapate kuzaana. Sasa kutoka Muhuru na Sori upande wa Migori, mpaka Nyandiwa, Sindo, Mbita na Mfangano upande wa Homa Bay, watu wanashona nyavu, wanaziba matundu ya boti, wanatayarisha taa. Na wengi wanauliza, "Pasta, utakuja lini ufuoni utuombee msimu?"

Nitakuja. Lakini kwanza tufungue Neno.

Simoni alivua usiku kucha akakosa. Yesu akamwambia arudi kilindini, akatii, nyavu zikajaa mpaka zikaanza kukatika. Hapo watu wengi husimama, wanasema Haleluya, wanafunga Biblia. Hebu endelea mstari wa 7. Simoni alifanya nini? Aliwaita kwa ishara wenzake waliokuwa kwenye chombo kingine. Mstari wa 10 unawataja: Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo. Walikuwa washirika wake wa kazi.

Sasa nikuulize. Kama Simoni asubuhi ile angekuwa amekosana na wana wa Zebedayo juu ya hesabu ya wiki iliyopita, angewaita? Angenyamaza! Nyavu zingekatika, samaki wangerudi majini, na muujiza ungepotea mbele ya macho yake. Si kwamba Mungu hakutoa. Mungu alitoa, lakini baraka ilikuwa kubwa kuliko chombo kimoja.

Mvuvi wa omena anajua haya kuliko mimi. Usiku wa giza, taa zinaelea juu ya maji, mnangoja omena wakusanyike kwenye mwanga. Ukifika wakati wa kuvuta, huwezi peke yako. Huyu anavuta, yule anaongoza boti, mwingine anachota maji na kuyamwaga nje. Na upepo ukiwageuza saa nane usiku, anayekushika mkono si pasta, wala si mwenye duka anayekukopesha. Ni yule mwenzako mliyegombana naye.

Mhubiri 4 inasema wawili ni afadhali kuliko mmoja, kwa sababu mmoja akianguka, mwingine atamwinua. Lakini wako wapi wale wawili? Msimu uliopita mwenye boti alitoa pesa ya mafuta, akatoa na "gharama" ambazo hakuna mtu aliziona, vijana wakaenda nyumbani mikono mitupu. Kijana naye aliuza beseni mbili gizani kabla boti haijafika ufuoni. Kila mmoja ana uchungu wake, na wote wawili wanataka kuombewa nyavu!

Tena mwenzako si yule wa ndani ya boti peke yake. Yule mama anayesimama ufuoni alfajiri na beseni, anayeanika omena na kuomba mvua isinyeshe, yeye pia ni mshirika wako. Ukimwambia hatapata samaki mpaka akupe mwili wake, hiyo ni dhambi. Msiifiche kwa jina la jaboya. Inaleta ugonjwa, inavunja nyumba mbili, na inafunga maombi yako. Muuzie kwa bei ya haki, aende kwa watoto wake.

Yesu amesema wazi: ukileta sadaka madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo, nenda mpatane kwanza. Basi na nyavu ni vivyo hivyo. Usiniletee nyavu niziwekee mikono huku jasho la mwenzako liko mfukoni mwako.

Wiki hii, kabla msimu haujafunguliwa:

1. Mtafute mwenzako. Usitume mtu, nenda mwenyewe.
2. Lipa deni. Kama huna yote, anza na ulichonacho, na mkubaliane siku ya kumaliza.
3. Pangeni mgao mapema, mbele ya mashahidi, mkiwa bado nchi kavu.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyeingia chomboni mwa Simoni, ingia na katika chombo chetu. Tupe unyenyekevu wa kuita tuliowaacha, na moyo wa kugawana utakachotupa. Linda kila atakayetoka usiku, umrudishe nyumbani salama. Katika jina la Yesu, Amina.