Ufuo wa Nyakatuntu

Ipo nchini Marekani, katika mji wa Naugatuck, jimbo la Connecticut, kampuni ya familia iitwayo H. Barber & Sons, yaani Barber na Wanawe. Kazi yake ni kuunda mashine za kusafishia fukwe. Mashine hukokotwa na trekta. Meno yake ya chuma huchana mchanga kama kitana kichanavyo nywele, yakaokota chupa, vifuniko na vipande vya plastiki. Nyuma yake mchanga hubaki laini, kana kwamba haujapata kukanyagwa.

Hapa pana swali. Familia hii hupata riziki kwa kuwa wengine huchafua. Je, chumo lao lina doa? La hasha. Tabibu hulipwa kwa maradhi ambayo hakuyaleta. Mchimba kaburi hulipwa kwa mauti, naye hakuua. Afagiaye hana kosa. Kosa huanza pale achafuaye anaposema moyoni: "Nitupe tu, yupo wa kufagia." Hapo ufagio umegeuzwa kibali.

Lakini achafuaye ni nani? Sisi watu wa pwani aghalabu humtafuta karibu, miongoni mwa jirani na wageni. Natuiache bahari kidogo, twende bara hadi Nyakatuntu, kata ya Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Huko ni nchi ya migomba na mibuni. Mkazi wake angeweza kuapa kwamba hana ufuo wa kuuchafua. Hata hivyo, Mto Kagera hupita mpakani mwa wilaya yake, ukaingia Ziwa Viktoria, na maji ya ziwa hilo hutoka kwa Mto Nile kuelekea Bahari ya Mediterania. Mto hausikilizi udhuru wa umbali.

Ushahidi tunao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 magugu maji yalionekana katika Ziwa Viktoria, na Kagera ukawa unayaleta kutoka Rwanda. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu waliyasambaza duniani kwa uzuri wa maua yake. Aliyeyapanda bustanini hakumkusudia ubaya mvuvi wa Kisumu, lakini katika miaka ya 1990 mitumbwi ya wavuvi ilikwama ndani yake. Zililetwa mashine za kuyavuna, wakaachiliwa na wadudu wa kuyala. Yalipungua, kisha yakarejea.

Basi, kutokukusudia hakumtoi mtu katika dhima. Wala mashine haimtoi, maana huokota kilichofika ufuoni, isimfikie aliyekitupa. Tena haina macho ya kutambua kiota cha kasa mchangani. Kujua kipi kiondolewe na kipi kiachwe ni kazi ya mwanadamu.

Visiwa vyetu vya Zanzibar vilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Sheria hizo zilikusudiwa kuushika mkono kabla haujatupa, nao ni mkono wa Nyakatuntu kama ulivyo wa Unguja.

Wana wa Barber walirithi mashine. Wetu nao watarithi. Ikiwa tutawaachia ufagio, tusiwaachie na taka zetu.