Wa Chini Hali Makombo

“Huyo usimnunulie chakula, buda,” muuzaji aliniambia. “Kazi yake ni kusafisha. Atakula ile ya wenzake itaanguka.” Nikabeba koridora wawili. Baada ya wiki chache mmoja akafa, tumbo limebonyea, sharubu zimelika kwa zile kokoto kali nilizochagua kwa sababu zilinipendeza mimi.

Koridora ni kambare mdogo wa mito ya Amerika Kusini. Huishi kwa makundi, akifukua mchanga laini kutafuta minyoo na wadudu. Kuishi chini si adhabu; ndiko kwao. Kosa langu ni kudhani aliye chini ameumbiwa mabaki.

Na lugha hiyo naijua. Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, nyumbani nikawa yule wa “huyo hana shida, atatosheka na chochote.” Hakuna aliyeniuliza.

Sasa nina sita, juu ya mchanga. Usiku nikizima taa nawadondoshea chakula kinachozama, chao wenyewe. Hawatasema asante, na sidai. Ila najiuliza: ni wangapi tunaowaita wavumilivu kwa sababu tu hatujawahi kuwauliza kama wamekula?