Amana Inapopita Mikono Mingi

Novemba 2020, jarida la mtandaoni la Motherboard nchini Marekani lilifichua habari iliyowashtua Waislamu wengi. Programu ya simu ya Muslim Pro, ambayo wakati huo ilikuwa imeshapakuliwa zaidi ya mara milioni 90, ilikuwa ikituma taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode. Miongoni mwa wateja wa X-Mode walikuwamo makandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walikanusha kuliuzia jeshi taarifa hizo, wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode.

Aliyefungua programu ile alitaka kujua kibla kiko upande gani na adhuhuri inaingia saa ngapi. Simu isipojua alipo, haiwezi kumjibu. Alitoa siri ndogo kwa ajili ya ibada, siri ikafika kwa watu ambao hakuwahi hata kuwasikia.

Nani ataulizwa kuhusu amana hiyo?

Ugumu wa swali unatokana na jinsi kazi hii inavyofanyika siku hizi. Msanidi wa programu haandiki kila kitu mwenyewe. Huchukua vipande vilivyoandikwa na wengine: cha ramani, cha malipo, cha matangazo. Tangu Amazon ilipoanza kukodisha hifadhi ya data mwaka 2006, wasanidi wengi hawanunui tena seva. Hupanga kwa Amazon, Microsoft au Google. Kila mmoja hushika sehemu yake tu, na likitokea la kutokea, humnyooshea kidole mwenzake.

Fiqhi ililitafakari jambo hili karne nyingi kabla ya kompyuta. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuitumia. Akimkabidhi mtu mwingine bila idhini ya mwenyewe wala dharura, ikapotea, dhamana ni yake. Mtume Muhammad alipohamia Madina mwaka 622, alimwacha Ali Makka azirudishe amana za watu kwa wenyewe. Alikuwa anatafutwa auawe, na hata hivyo hakuona kuwa hatari hiyo inamfutia deni.

Fiqhi hiyohiyo humhurumia mtunzaji mwaminifu: balaa likimfika bila uzembe wake, halipi. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Moto ni balaa. Lakini wako wateja waliokuta kwamba hata nakala zao za akiba ziliwekwa eneo hilohilo, nazo zikaangamia. Hapo mtunzaji ana la kujibu.

Wenye kampuni husema mtumiaji mwenyewe alibonyeza “Nakubali”. Hoja hiyo haisimami. Mtu huridhia analolijua, na anayepitisha kurasa ndefu za kisheria ili apate nyakati za swala hajaridhia nyendo zake ziuzwe.

Sheria za nchi zinaanza kufika huko. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda data mwaka 2019, Tanzania ikafuata mwaka 2022. Januari 2024, mamlaka ya biashara ya Marekani iliipiga marufuku X-Mode, iliyokuwa imeshabadili jina, kuuza taarifa nyeti za mahali, zikiwamo za waendao kwenye nyumba za ibada. Hata hivyo, sheria huja baada ya madhara, ilhali uaminifu hutakiwa siku ya kwanza, pale msanidi anapochagua kipande gani akiingize katika programu yake.

Basi kamati za misikiti na mabaraza ya makanisa yanayokusanya sadaka na kuandikisha waumini kwa simu yaulize mapema: taarifa hizi zinakaa wapi, nani mwingine anaziona, na zikivuja nani atawajibika? Msanidi asiyeweza kutaja jina asipewe kazi.