Amri Isiyoeleweka Yamfunga Nani?

Penye ujenzi mkubwa hukutana watu waliolelewa kwa desturi mbalimbali, nao hukutana kwa ajili ya kazi, wala si kwa kuchaguana. Swali nipendalo kuliweka mbele ya walimu wenzangu ni hili: msimamizi akitoa amri kwa lugha asiyoielewa kibarua, naye kibarua akaitikia kwa kichwa kisha akaumia, lawama ni ya nani?

Wako wasemao kwamba ni ya kibarua, kwa kuwa kuuliza si ujinga. Hoja hii ina uzito, lakini yasahau hali ya mwulizaji. Katika desturi nyingi za kwetu, kumhoji mkubwa mbele za watu ni kumvunjia heshima; tena kibarua wa kutwa achelea ujira wake. Kuitikia kwake aghalabu ni adabu, wala si ushahidi kwamba ameelewa. Basi mwenye uwezo wa kumfukuza mwenziwe ndiye apaswaye kuhakikisha kwamba ameeleweka.

Tutazame reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975. Wachina, Watanzania na Wazambia walifanya kazi bega kwa bega, na wengi wao hawakuwa na lugha moja. Wakalimani walikuwa haba, hivyo ufundi mwingi ulifunzwa kwa vitendo: fundi alishika chombo, mwanafunzi akatazama, kisha akajaribu. Njia hiyo ilifaa, kwani mkono huonyesha kosa papo hapo. Hata hivyo, mkono una mpaka wake. Waweza kuonyesha jinsi ya kufunga reli kwenye taruma. Hauwezi kueleza kwa nini mtu aomba ruhusa ya kumzika shangazi yake, wala kwa nini ujira umekatwa. Hapo pahitaji neno.

Makaburi ya Wachina waliofariki katika kazi hiyo yapo Gongo la Mboto hata leo. Yatukumbusha kwamba ujenzi hudai uhai wa watu, na kwamba Kiswahili mahali pa kazi si pambo la utamaduni, bali ni kinga. Kwa hiyo tumfundishe kibarua mgeni kwanza neno “sijaelewa”. Naye msimamizi ajifunze kulipokea bila hasira.