Neno la Shabiki Kabla ya Mchezo

Siku ambayo Simba na Yanga hukutana Dar es Salaam, mji wa Songea, ulio zaidi ya kilometa 900 kutoka huko kwa njia ya barabara, huamka ukiwa umekwisha kujua matokeo. Sokoni, vijiweni na kwenye vituo vya bodaboda, kutoka Mfaranyaki mpaka Lizaboni, kila mtu ana hesabu yake ya mabao. Mmoja husema mawili kwa bila. Mwenziwe husema matatu kwa moja na kutaja hata wafungaji. Maneno haya hayatanguliwi na huenda wala yamkini. Husemwa wazi: tutashinda. Anayethubutu kuuliza, "Umejuaje?" huonekana mgeni wa kandanda. Jioni ifikapo, kama mchezo haukuishia sare, karibu nusu ya mji imethibitika kuwa ilisema lisilokuwa. Hutaniwa, huchekwa, hununishwa; lakini hapana hata mmoja aitwaye mwongo.

Jambo hili ni dogo kwa sura, na wenye elimu wengi hulipita. Hata hivyo lina swali ndani yake. Mtu ambaye angesema kwa uthabiti ule ule kwamba duka la jirani litaungua kesho, au kwamba fulani atafaulu mtihani, angetakiwa atoe ushahidi, na akikosea angepoteza heshima. Kwa nini shabiki amesamehewa? Na je, msamaha huo hauna mpaka?

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Kiambishi -ta- katika Kiswahili hubeba mizigo miwili. "Mvua itanyesha" ni habari ya jambo lisilo mikononi mwa msemaji. "Nitakuja kesho" ni ahadi. Asiyekuja hakukosea hesabu, amevunja neno lake. Lugha haikuona haja ya kuweka viambishi viwili, na kwa kawaida msikilizaji hapati taabu, maana hujua lipi li mikononi mwa nani. Lakini "tutashinda" ya shabiki imesimama katikati ya mvua na ahadi. Hagusi mpira, hapangi timu, hajui hata kama mlinda mlango amelala vizuri. Kwa hiyo haliwezi kuwa ahadi kamili. Wala halisemi kwa ubaridi wa mtu atazamaye mawingu, maana amejitia ndani kwa kiambishi kingine kilichotangulia: tu-. Hakusema "watashinda". Wako mashabiki ambao hata -ta- huwatosheleza kidogo. Hao huchukua -me-, wakasema wapinzani "wamekwisha", na huku wachezaji bado wamo ndani ya basi.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, aliwahi kujiuliza juu ya vita vya baharini vya kesho: je, asemaye leo kwamba vitakuwapo, na asemaye kwamba havitakuwapo, mmoja wao amekwisha kusema kweli? Kama ndivyo, kesho imekwisha kufungwa na shauri la manahodha ni bure. Alielekea kusema kwamba mojawapo lazima litukie, lakini leo hakuna lililo lazima. Vijiwe vya Songea vinalifahamu jambo hilo bila ya kumsoma. Husemwa kuwa mpira unadunda, na ya kuwa mchezo ni dakika tisini. Ajabu ni kwamba maneno haya hutoka katika vinywa vile vile vilivyotaja wafungaji asubuhi.

Hapana shaka kwamba kuna ujuzi fulani katika utabiri wa mpira. Anayesema kuwa ubingwa wa Tanzania utakwenda kwa Simba au Yanga atakuwa amesema sawa katika miaka mingi kuliko atakayokosea. Lakini mwaka 1986 kombe lilichukuliwa na Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa milimani iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Mwaka 1988 likaenda Tanga kwa Coastal Union. Mwaka 1999 na mwaka 2000 likakaa Turiani kwa Mtibwa Sugar. Na msimu wa 2013/14 Azam ililitwaa bila ya kufungwa mchezo hata mmoja. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza kwa mabao matatu kwa bila dhidi ya Simba. Wakati huo utabiri haukuwa tena utabiri. Ulifanana na kusoma kitu kilichoandikwa. Mchezo ukaisha tatu kwa tatu. Waliokuwa wameondoka mapema katika vibanda vya televisheni, wengine kwa furaha na wengine kwa aibu, walipata habari hiyo njiani, na pande zote mbili hazikuisadiki.

Katika fainali za Afrika utabiri wa Watanzania una historia nzito zaidi. Mwaka 1993 Simba ilitoka sare ya bila kwa bila na Stella mjini Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF, nchi nzima ikaona kwamba lililobaki ni kupokea kombe nyumbani. Ikafungwa mawili kwa bila Dar es Salaam. Mwaka 2023 Yanga ilifungwa mawili kwa moja nyumbani na USM Alger katika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikashinda moja kwa bila ugenini Algiers, na bado ikalikosa kombe kwa sababu ya mabao ya ugenini: ilishinda mchezo ikashindwa fainali. Mwaka 2025 Simba iliishiwa na bahati katika fainali hiyo hiyo mbele ya RS Berkane, kwa jumla ya mabao matatu kwa moja. Mara tatu neno "tutashinda" lilisemwa na umati, na mara tatu halikuwa. Wabrazili walitangulia katika somo hili. Julai 1950, wakihitaji sare tu wawe mabingwa wa dunia, gazeti moja la Rio de Janeiro lilichapa picha ya wachezaji wao na kuwaita mabingwa kabla mpira haujapigwa. Uruguay ilishinda mawili kwa moja mbele ya watu zaidi ya 170,000.

Basi kama ujuzi ni mchache kiasi hicho, na kila mtu aujua uchache wake, lazima neno la shabiki liwe na kazi nyingine. Mkulima wa Songea aweza kusaidia kuifahamu kazi hiyo. Ungoni ina msimu mmoja wa mvua, nao huanza yapata Novemba au Desemba. Mkulima huandaa shamba katika jua kali, akanunua mbegu na mbolea, wakati mwingine kwa mkopo, naye husema, "Mwaka huu tutavuna." Hamna mtu amwulizaye amejuaje. Neno lake ni sehemu ya kulima kwake. Asingelisema, asingeinua jembe. Na mvua isiponyesha, wa kwanza kulala na njaa atakuwa yeye. Shabiki naye, kwa kipimo kidogo zaidi, amepanda kitu. Amepanda furaha yake ya wiki nzima, na heshima yake kijiweni, na usiku wake wa leo. "Tutashinda" maana yake nipo. Nitakuwapo likiwa jema na likiwa baya. Ndiyo sababu hasamehewi anayejitenga baada ya kufungwa na kusema "wamefungwa", baada ya kusema asubuhi "tutashinda". Huyo ndiye kijiwe kinachomwona mwongo, na kijiwe kina haki. Hakukosea mabao, amekosea nafsi, kutoka tu- kwenda wa-.

Hapa ndipo mpaka wa msamaha huonekana, na ndipo mambo ya siku hizi yanapotia mashaka. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliiweka biashara ya kubashiri chini ya Bodi, na mtu aliyetimiza miaka 18 aweza kuweka fedha yake juu ya mchezo wo wote kwa simu. Vijana huita karatasi ya utabiri wao mkeka. Jina ni la utani mzuri, kwa kuwa mkeka huchanika. Hesabu yake ni nyepesi, na inastahili kufanywa wazi. Kampuni ikitoa 1,900 kwa kila shilingi 1,000 katika pande mbili zilizo sawa, wawili wakaweka 1,000 kila mmoja upande wake, imepokea 2,000 na kulipa 1,900. Shilingi 100 imebaki kwake, ashinde nani. Na kijana apangaye michezo kumi kwa pamoja, hata akiwa na ujuzi wa kupatia saba katika kila kumi, nafasi ya kupatia yote kumi haifiki tatu katika mia. Akiwa anabahatisha tu, nusu kwa nusu, ni moja katika 1,024.

Lakini hasara ya fedha si jambo zima. Aliyeweka mkeka hana tu-. Yamkini ameweka juu ya timu mbili za Ulaya asizozijua hata kwa jina la mji. Yamkini ameweka dhidi ya timu yake mwenyewe, na sasa ameketi kibandani amevaa jezi ya kijani huku moyo wake ukiombea wekundu. Utabiri wake umekuwa habari ya mvua tu, bila shamba. Mbaya kuliko huyo ni muuza utabiri, mtu anayechukua fedha ya vijana ili awape matokeo "ya uhakika". Anasema kwa sauti ya shabiki, ile yenye kusamehewa, lakini anauza kama mjuzi. Na mchezo ukienda kombo hapotezi cho chote. Kijana wa bodaboda ndiye aliyepoteza mafuta ya kesho. Mtu wa namna hii hawezi kujitetea kwa kusema mpira unadunda, kwa sababu hilo hakulisema alipokuwa akipokea fedha.

Songea ina sababu yake ya kulipima neno kama hili kwa uangalifu, na ni vigumu kuitaja bila ya kuogopa kuudogosha msiba kwa kuulinganisha na mchezo. Timu ya mji na uwanja wake zinaitwa Majimaji. Mwaka 1905 kutoka Ngarambe, upande wa Rufiji, lilitoka neno la Kinjeketile Ngwale kwamba maji ya dawa yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Neno likavuka kutoka kabila hata kabila likafika Ungoni. Risasi hazikugeuka. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 walinyongwa Songea, na makumbusho yaliyoko Mahenge mjini hapo huwakumbuka kila mwaka. Makadirio ya waliokufa katika vita hivyo, wengi wao kwa njaa, huanzia 75,000 na kufika 300,000.

Kwa kipimo cha nani aliyebeba hasara, neno la maji halina lawama: Kinjeketile mwenyewe alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, kabla vita havijafika Ungoni. Hakuuza neno na kukaa pembeni. Hata hivyo walikufa watu waliolipokea kama ujuzi, wakasimama mbele ya bunduki kama wanaosimama mbele ya mvua. Kwa hiyo haitoshi kumwuliza msemaji ameweka nini. Lazima aulizwe pia msikilizaji ataweka nini juu ya neno hilo. Na bado upande wa pili haunyamazi, maana pasipo neno hilo Wamatumbi, Wangindo na Wangoni wasingesimama pamoja, na hesabu ya bunduki peke yake ingewaambia wakae majumbani. Ebrahim Hussein, katika mchezo wake wa kuigiza uliotoka mwaka 1969, alimweka Kinjeketile mbele ya watu wanaomtaka aseme kuwa maji yalikuwa uongo, naye akakataa. Wanafunzi wengi humaliza kuusoma bila ya kukubaliana kama alifanya vyema. Kutokubaliana huko ni kwa haki.

Laini zaidi, walakini karibu na jambo hilo, ni hali ya shabiki aonaye kushindwa mapema. Majimaji ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2015/16 na ikashuka tena mwaka 2018. Katika wiki za mwisho za msimu ule ye yote aliyejua kujumlisha aliweza kuusoma msimamo wa ligi. Je, Mwanalizombe aliyesema "tutashuka" alikuwa msaliti? Wenziwe wengi wangemjibu kwa ukali, "Mzee, nyamaza, usitutie mkosi." Lakini litazamwe neno lake. Alisema kweli, na alisema tu-. Alinunua tiketi kwa fedha ile ile, akaketi jukwaani kwa dakika zile zile, akijua. Aliyesema "tutashinda" alikuwa na tumaini la kumsindikiza. Huyu alikwenda peke yake.

Na walipotoka uwanjani wote wawili, wakipanda polepole kuelekea majumbani kwao, yule wa kwanza alisema "tutarudi", na wa pili, aliyekuwa hodari wa hesabu, hakumwuliza amejuaje.